Uzi kwa wanaotaka kuwa wanasayansi wa kilimo: masomo, kazi, na jambo moja la kujifunza mapema

MLETA UZI:

Wakuu, salaam.

Maswali haya nimeyajibu faragha kwa muda mrefu, mtu mmoja mmoja, na kila mara najikuta narudia yale yale. Nisome nini ili niwe mtafiti wa kilimo? Nina stashahada, naweza kufika uzamivu? Kazi zipo? Nimeona bora niyamwage hapa mara moja, kila mwenye hamu asome na aulize mbele ya wenzake. Mimi ni mtafiti wa udongo na mazao, mwaka wa kumi na kitu sasa niko kwenye mashamba ya majaribio. Kilimo cha biashara sitakigusa, kina nyuzi zake. Huu ni wa wale wanaotaka kutafuta ukweli kuhusu mmea, udongo, mfugo au mdudu, na kuuthibitisha.

Nianze na kinachomfanya mtu awe mwanasayansi wa kilimo, maana wengi wanafika mwaka wa tatu chuoni bado hawajakijua. Mwulize mkulima hodari mbegu ipi inazaa zaidi, atakujibu kwa alichokiona shambani kwake, na mara nyingi yuko sahihi. Afisa ugani atakujibu kwa alichofundishwa na anachokiona akizunguka kwa wakulima wengi. Mwanasayansi ndiye anayesema: tuzipande zote mbili, kwa mpangilio huu, mahali kadhaa, misimu miwili, ndipo nitakujibu. Anachouza ni jaribio. Shahada, cheo, ofisi na maabara vyote vinasimama juu ya uwezo wa kusimamisha jaribio na kulisoma bila kujidanganya.

Mnajua misingi ya jaribio la shambani ilitoka kwa nani? Kwa mwanahisabati. Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1843 na John Bennet Lawes akishirikiana na mkemia Joseph Henry Gilbert. Fisher alikuta rundo la kumbukumbu za mavuno ya ngano ya shamba la Broadbalk, miongo na miongo, na swali gumu: mavuno yakipanda mwaka huu, ni kwa sababu ya mbolea, mvua, au kwa kuwa kipande kile kina rutuba tangu zamani? Katika kulihangaikia swali hilo alijenga kanuni tunazozitumia hadi leo: rudia kila unachokijaribu zaidi ya mara moja, gawa shamba katika makundi yanayofanana, halafu ndani ya kila kundi piga kura ya bahati kuamua kipi kikae wapi. Vitabu vyake vya mwaka 1925 na 1935 ndivyo vilivyozieneza, na leo hata dawa za binadamu hujaribiwa kwa kanuni hizo hizo zilizozaliwa kwenye shamba la ngano. Broadbalk yenyewe bado inapandwa.

Mimi kanuni hizi nilizijua darasani na nikapata alama nzuri. Kisha nikaenda shambani. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la viwango 4 vya mbolea ya naitrojeni kwenye mahindi. Shamba lilikuwa na mteremko kidogo, ule ambao huuoni hadi mvua inyeshe. Sikupiga kura. Niliweka ploti zisizo na mbolea juu, kisha kiwango kidogo, kisha cha kati, na kikubwa kabisa chini, kwa sababu ilikuwa rahisi kubeba na kupima mbolea kwa utaratibu ule. Mavuno yalipanda kwa kila hatua kama ngazi. Nikachora grafu, nikaipeleka kwa msimamizi wangu nikiwa na furaha. Akaitazama, akaniuliza, "Hii ni mbolea au ni bonde?" Maji na udongo wa juu hushuka na kutuama chini, kwa hiyo ploti za chini zingezaa zaidi hata bila mbolea. Hakukuwa na hesabu yoyote ya kuviachanisha vitu viwili nilivyovifunga pamoja mwenyewe. Msimu mzima ulipotea, pamoja na jasho la vibarua waliopalilia mara tatu. Tangu siku hiyo, kabla sijapima ploti natembea shamba lote baada ya mvua na kuangalia maji yanakwenda wapi.

Nimelisimulia hili mapema kwa kuwa linajibu nusu ya maswali yenu ya "nisome nini".

SEKONDARI. Baiolojia, kemia na hisabati, hizi tatu usizikwepe. Jiografia na fizikia zinasaidia. Kuna imani kwamba kilimo ni cha walioshindwa hisabati, na imewaumiza wengi: wanaingia kwa furaha, wanakutana na takwimu mwaka wa pili, wanaanza kuhesabu siku za kumaliza chuo. Kemia nayo ndiyo lugha ya udongo. Huwezi kueleza kwa nini fosforasi ipo shambani na mmea hauipati kama hujui kinachotokea inapokutana na chuma na alumini kwenye udongo wenye asidi.

SHAHADA YA KWANZA. Kwa kawaida miaka 3 hadi 4. Ushauri wangu, na najua wapo wasiokubaliana nami: shahada ya kwanza iwe pana. Soma kilimo kwa ujumla au agronomia (sayansi ya mazao ya shambani), upite kidogo kwenye udongo, wadudu, magonjwa, mbegu, mifugo, uchumi. Ubobezi uanze kwenye uzamili, ukishajua ni tatizo gani linalokunyima usingizi. Wanaobobea wakiwa na miaka 19 mara nyingi wamechagua jina la kozi tu.

UZAMILI NA UZAMIVU. Uzamili mwaka 1 hadi 2, uzamivu 3 hadi 5. Ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe, kuandika andiko la kuomba fedha na kusimamia wengine, uzamivu kwa sehemu kubwa hauepukiki. Ukitaka kuendesha majaribio, maabara au shamba la mbegu, uzamili unatosha, na wapo wenye shahada ya kwanza wanaofanya kazi hiyo vizuri kuliko wenye uzamivu.

Naweka hapa kwanza, niwape nafasi.

MCHANGIAJI:

Asante mkuu kwa uzi. Hebu tufafanulie hayo matawi. Mimi nikisikia mwanasayansi wa kilimo naona mtu mwenye koti jeupe kashika mche.

MLETA UZI:

Sitayapitia yote sawasawa, mengine siyajui kwa ndani. Nianze na lililo karibu na moyo wangu.

Sayansi ya udongo. Hekta moja, ukichukua sentimita 20 za juu tu, ina udongo wa zaidi ya tani 2,000. Maabara haiwezi kuupima wote. Tunatembea shamba kwa mwendo wa kukata kona, tunachota kwa sepetu sehemu 15 hadi 20, tunachanganya kwenye ndoo safi, tunagawa robo na kutupa hadi ibaki kama nusu kilo. Inaanikwa kivulini, inapondwa, inachekechwa kwa chekeche la milimita 2. Mwisho kabisa, kinachoingia kwenye mirija ya kupima naitrojeni ni kama gramu moja. Gramu moja inazisemea tani 2,000! Ukichota mahali pamoja karibu na njia kwa sababu jua ni kali, au kwenye ndoo iliyobebea mbolea jana, mashine ya thamani kubwa itakupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuuliza. Ndiyo maana huwa nasema maabara inaanzia kwenye ndoo.

Uboreshaji wa mbegu. Hii ni kazi ya subira. Kuchanganya ngano mbili, unakaa na kibano mbele ya suke changa. Unapunguza vijiua vya katikati, unabakiza vile vya pembeni, unakata ncha za maganda yake. Ndani ya kila kijiua kuna vifuko 3 vya chavua. Unavitoa vikiwa bado kijani. Ukichelewa vikawa njano, ua limeshajichavusha na kazi yako imekwisha. Unafunika suke kwa kibahasha cha karatasi, unaandika tarehe na jina la mama. Baada ya siku 2 hadi 4 stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, inafunguka kama kinyoya, ndipo unaleta chavua ya baba. Mbegu utakazopata ni chache, unaweza kuzihesabu kiganjani. Kutoka hapo hadi mkulima apate mfuko wa mbegu, miaka 10 si ajabu: vizazi kadhaa vya kuchagua hadi sifa zitulie, kisha majaribio sehemu nyingi, kisha ukaguzi wa kuthibitisha kwamba aina hiyo ni tofauti na nyingine, inafanana yenyewe kwa yenyewe, na haibadiliki.

Norman Borlaug, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alipunguza muda huo kwa kupanda mara 2 kwa mwaka huko Meksiko, msimu mmoja nyanda za juu, mwingine bonde la chini lililo mbali sana kaskazini. Kulikuwa na waliompinga, kwa imani kwamba mbegu lazima ichaguliwe pale itakapolimwa. Matokeo yake alipata ngano isiyojali sana urefu wa mchana, ndiyo maana ilikubali kwenye nchi nyingi. Na mtu huyu shahada yake ya kwanza ilikuwa ya misitu, uzamivu wake wa mwaka 1942 ulikuwa wa magonjwa ya mimea. Kwa hiyo msiogope kwamba ukianza na kozi fulani umejifungia mlango.

Wadudu na magonjwa. Miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga alivamia mihogo Afrika. Mihogo asili yake ni Amerika Kusini, basi watafiti wakajiuliza: kule mbona mdudu huyu haangamizi mihogo? Wakamfuatilia hadi Paraguay, wakamkuta nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo. Mapema miaka ya 1980 nyigu wakaanza kuachiliwa Nigeria, kisha nchi nyingi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua dawa yoyote. Ukiipenda hadithi hii kuliko zile mbili za juu, huenda tawi lako ni hilo.

Yapo pia sayansi ya mifugo na malisho, uhandisi wa kilimo na umwagiliaji, teknolojia ya chakula, uchumi kilimo. Wenye fani hizo wajazie.

MCHANGIAJI:

Mleta uzi, mimi nina stashahada ya kilimo, niko kazini kama afisa ugani mwaka wa sita. Umri unakwenda. Nimeshachelewa?

MLETA UZI:

Hujachelewa hata kidogo ndugu yangu, na nakuandikia kwa kirefu kwa kuwa watu wa aina yako ndio ninaofurahia zaidi kuwapata kwenye timu.

Njia ya stashahada kwenda shahada ipo, ila masharti ya kuunganisha hutofautiana kwa nchi na kwa chuo, hivyo uliza chuo chenyewe kwa maandishi na utunze jibu. Ulichonacho wewe ambacho mwanafunzi wa moja kwa moja hana ni miaka 6 ya kuona matatizo yakijirudia. Mwenzako atakaa miezi akitafuta mada ya tasnifu. Wewe unaijua tayari, hujaiandika tu. Anza daftari leo. Kila unapokuta ushauri rasmi umeshindwa kwa mkulima, andika: udongo wa aina gani, alipanda lini, mvua ilikatika lini, alifanya nini tofauti. Ndani ya msimu mmoja utakuwa na maswali mazito kuliko ya wahadhiri wengi.

Mwangalie Gebisa Ejeta wa Ethiopia, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Kazi yake ni mtama, na adui yake ni kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Wakulima walijua siku nyingi kwamba gugu hilo huibuka palipopandwa nafaka. Ejeta na mwanabiokemia Larry Butler walilichukua jambo hilo wakalifuata hatua kwa hatua: mbegu ya kiduha hulala udongoni hadi isikie kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mmea. Basi ukipata mtama unaotoa kemikali hiyo kidogo sana, mbegu haiamki. Jambo linalojulikana na kila mkulima, likaulizwa vizuri, likawa sayansi.

MCHANGIAJI:

Na sisi wa mjini ambao hatujawahi kushika jembe?

MLETA UZI:

Karibuni sana. Fisher aliingia Rothamsted kama mwanahisabati. Ila lazima ulipie pengo hilo: likizo zako za chuo zote ziwe shambani au kituoni, hata kama kazi ni kupalilia na kupima urefu wa mimea. Kuna vitu mikono ndiyo inayofundisha. Ukishika udongo wenye unyevu ukausokota kati ya kidole gumba na cha shahada, mchanga unakwaruza, mfinyanzi unatoa utepe mrefu. Hilo halisomwi kwenye skrini.

Na kama una kichwa cha kompyuta, kilimo kinakuhitaji mno. Picha za satelaiti, droni, vihisi vya unyevu, vinasaba, vyote vinamwaga data kuliko watu wa kuzisoma. Jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand, na ina kifurushi kinaitwa agricolae kilichotengenezwa kwa ajili ya majaribio ya kilimo. Mwanafunzi anayejua R na hachukii tope hakosi msimamizi.

MCHANGIAJI:

Mkuu turudi kwenye ajira. Tunasoma, tunamaliza, tunakaa nyumbani.

MLETA UZI:

Hili linauma na sitalipaka rangi. Wengi wanasubiri milango miwili tu: serikali na chuo kikuu. Foleni pale ni ndefu. Tazameni na pengine. Kampuni za mbegu zinahitaji watu wa majaribio ya shambani kila msimu. Kampuni za mbolea na viuatilifu haziwezi kusajili bidhaa bila jaribio. Mamlaka za kukagua mbegu na karantini ya mimea zinaajiri wataalamu wa magonjwa na wadudu. Maabara za udongo, bima ya mazao, viwanda vya chakula.

Kisha kuna vituo vya kimataifa vilivyo chini ya CGIAR, mtandao wa utafiti wa kilimo ulioundwa mwaka 1971: IRRI ya mpunga Ufilipino, CIMMYT ya mahindi na ngano Meksiko, IITA ya kilimo cha tropiki yenye makao Ibadan, Nigeria, ICRISAT ya mazao ya nchi kame Hyderabad, India, CIP ya viazi Lima, Peru, ILRI ya mifugo yenye makao Nairobi. Vituo hivi hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kufanyia utafiti kule, na vina matawi nchi nyingi. Wengi mnazitazama nafasi za kazi tu kwenye tovuti zao, wakati mlango mwepesi zaidi ni wa mwanafunzi.

Kuhusu ufadhili: msimwandikie profesa barua moja iliyonakiliwa kwa watu 50. Soma makala 2 za mtu unayemtaka, mwandikie aya mbili, mwulize swali moja la kweli kuhusu kazi yake, eleza ulichokwisha kufanya kwa mikono yako. Mimi nikipokea barua ya namna hiyo najibu hata kama sina nafasi, na nimewahi kumkumbuka mtu mwaka mmoja baadaye nafasi ilipopatikana.

MCHANGIAJI:

Nipo sekondari, sina shamba, sina chuo. Nianze na nini wiki hii?

MLETA UZI:

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Tafuta makopo 12 yanayofanana, toboa chini, jaza udongo kutoka sehemu moja. Tafuta maharage 60 yanayofanana ukubwa. Loweka 30 usiku mmoja, 30 yaache makavu. Swali lako: je, kuloweka kunaharakisha kuota? Andika vikaratasi 12, sita "loweka" na sita "kavu", vikunje, vichanganye, halafu kila kopo lipate kikaratasi kwa kura. Panda mbegu 5 kila kopo, kina kimoja, siku moja. Makopo yapange dirishani au uani kwa kura nyingine, maana upande mmoja utapata jua zaidi. Maji kwa kipimo kimoja. Kila asubuhi, saa ile ile, hesabu yaliyochomoza kwenye kila kopo, uandike kwa siku 10. Siku ambayo hakuna kilichobadilika andika pia. Panya akila kopo, andika.

Usifute namba usiyoipenda.

Ukimaliza leta jedwali hapa, makopo yote 12, tutalisoma pamoja. Na wewe afisa ugani wa hapo juu, nakuomba ulifanye pia, halafu tulinganishe.